Siku 76 za Wuhan

Ndugu zangu, alfajiri ya tarehe 23 Januari 2020 niliamshwa na simu ya Mtanzania mwenzangu aliyenieleza kwamba ifikapo saa nne asubuhi jiji la Wuhan, China, lenye watu wapatao milioni 11, lingefungwa ili kuzuia virusi vya korona. Zilikuwa zimebaki siku mbili kabla ya mwaka mpya wa Kichina, na kwa kuwa wanafunzi wenyeji walikwisha kwenda makwao, tuliobaki chuoni karibu sote tulikuwa wageni.

Tulipimwa joto la mwili kila siku, na chakula tuliagiza kwa pamoja kikaletwa getini. Hayo yalivumilika. Kilichoniumiza ni kuwaona wenzetu wa Japani, Marekani na Ufaransa wakifuatwa kwa ndege, ilhali sisi tukibaki madirishani tukihesabu barabara tupu. Sasa naamini kwamba kubaki kuliwakinga watu wetu nyumbani, lakini usiku ule nililia, wala sioni aibu kulisema. Mama alinipigia kila siku baada ya chakula cha usiku huko Dar es Salaam, ambapo kwangu ilikuwa usiku wa manane, akiuliza jambo moja tu: kama nimekula.

Tarehe 8 Aprili, vizuizi vya kutoka jijini vilipoondolewa, sisi bado hatukuruhusiwa kuvuka geti. Hata hivyo nilisikia honi za magari barabarani, nikampigia mama, nikaielekeza simu dirishani ili naye azisikie.