Kipimo tulichokikimbia barazani

Nina miaka 57, kazi yangu kushona makochi hapa Ngamiani, Tanga. Mpaka mwaka jana sikuwahi kupimwa presha. Hospitali nilikuwa napeleka watu. Nikiambiwa nami nikapime, jibu lilikuwa tayari: "Kwani naumwa?"

Kilichonishtua ni mwenzetu wa barazani. Alfajiri alitoka msikitini mzima. Kufika saa tatu, mkono wa kulia haunyanyuki na mdomo umekwenda upande. Kiharusi. Kumbe presha alikuwa nayo, wala haikuwahi kumuuma.

Jumatatu nikaenda zahanati bila kula, maana niliambiwa sukari ipimwe tumbo likiwa tupu. Nilifika na baiskeli, jasho linanitoka, nikanyoosha mkono palepale. Muuguzi, binti rika la mwanangu, akakataa. "Baba, kaa kwanza dakika tano. Miguu chini, usiipandanishe. Na usiongee." Akaulaza mkono wangu mezani, usawa wa moyo. Mashine ikasoma 164 kwa 102. Akarudia: 158 kwa 98. Dawa sikupewa siku hiyo. Nilitakiwa nirudi siku nyingine mbili, kwani hata woga hupandisha presha. Mara ya tatu bado ilikuwa juu ya 140 kwa 90, ndipo daktari akanianzishia amlodipini, kidonge kimoja kwa siku. Sukari ilikuwa 5.2, sina neno nayo.

Ikabaki tezi dume, na hapo ndipo wanaume tunapotafuta njia ya mlango wa nyuma. Daktari aliniuliza usiku naamka mara ngapi kukojoa, na kama mkojo unakatikakatika. Akaagiza nitolewe damu ya kipimo cha PSA, protini inayotengenezwa na tezi dume, akinieleza kuwa ikiwa juu si lazima iwe saratani. Hata tezi iliyotanuka tu huipandisha. Kidole nacho kilikuwepo, sitadanganya. Dakika haikuisha. Aibu yote nilikuwa nimeshaimaliza kwenye benchi la kusubiri.

Kazi ikawa wenzangu. Nilianza vibaya: nikawahubiria, wakanicheka, jina nikapewa "Daktari". Mmoja, bingwa wetu wa bao, akaniwekea sharti: "Ukinifunga, shehe, nitakwenda." Alijua anachosema. Siku nne mfululizo alinifunga, nami kila jioni nikalipia kahawa na kashata za baraza zima.

Siku ya tano alinifunga tena. Wenzetu wakaondoka, yeye akabaki anarudisha kete mfukoni moja moja, taratibu kuliko kawaida yake. Bila kuniangalia akauliza, "Kile kidole, kinauma?" Nikamwambia hakiumi. "Na ukiwa nayo sukari, kashata ndiyo basi?" Mtu aliyekuwa akinicheka mchana kutwa, maswali alikuwa nayo siku zote; alikuwa akisubiri watu waondoke.

Sikumhubiria. Nilimwambia kesho asile kitu, nitampitia saa moja.

Sukari yake ilisoma 11.8 kabla ya kula, wakati kuanzia 7 ndiyo wanaanza kuita kisukari. Walirudia siku nyingine, ikaja ileile karibu. Akapewa metformini na tarehe ya kliniki, na siku hizo huwa namsindikiza, nikipima na yangu hukohuko.

Barazani bado ananifunga. Kahawa anakunywa ileile chungu. Kashata yake ananisukumia mimi.