Siku moja maishani mwangu: mtunza vifaa wa timu ndogo, siku ya mechi ya FA

Saa 10 alfajiri. Alamu haijalia bado ila nimeshaamka, maana jezi niliziacha kwenye kamba nyuma ya gesti na usiku nilisikia kama manyunyu hivi. Hazijalowa. Jezi 20, bukta 20, nazihesabu gizani kwa kupapasa namba za mgongoni kama kipofu. Tupo Mbagala, Dar es Salaam, tumeingia jana usiku na basi baada ya kukaa barabarani kutwa nzima, vijana wamelala fofofo. Acha walale.

Niseme kwanza kazi yangu. Mi ni mtunza vifaa wa timu ya madaraja ya chini, mkoani, sitaitaja. Mtaani wananiita mfua jezi. Wengine, hasa wale wanaojifanya wanaujua sana mpira, wananiita kamati ya ufundi, yaani wanaamini lile begi langu kubwa la bluu lina hirizi na mayai na dawa za mzee fulani wa kijijini. Aisee. Begi langu lina pampu na sindano zake, tepu za rangi tatu, spana ya kubadilishia meno ya njumu, kamba za viatu, gadi (vikinga ugoko) za ziada kwa sababu kila mechi kuna mmoja kasahau zake, sabuni, sindano ya kushonea na uzi. Ningekuwa na hirizi inayofanya kazi tungekuwa Ligi Kuu saa hizi.

Leo ni FA, kombe la mtoano la soka hapa Tanzania. Jina rasmi ni refu, liliporudi msimu wa 2015/16 lilikuwa Azam Sports Federation Cup, siku hizi ni CRDB Bank Federation Cup, ila huku kwetu ni FA tu na yameisha. Kwa timu kama yetu ndo nafasi ya kukutana uwanjani na timu ya Ligi Kuu, ile unayoionaga kwenye tivii, na hakuna marudiano, ukifungwa leo umerudi nyumbani. Ndo maana jana kwenye basi walikuwa hawalali, wanasimuliana Green Warriors, timu ya daraja la pili, ilivyoitoa Simba kwa penalti Desemba 2017, Simba ikiwa bingwa mtetezi. Mwaka uliofuata Mashujaa ya Kigoma nao, Simba huyo huyo, 3-2. Mwingine akadakia na timu ya Mbao waliofika fainali 2017 pale Dodoma na kumsumbua Simba hadi dakika za nyongeza. Mi nilikuwa kiti cha nyuma nashona bukta iliyochanika msamba, nikawa nawaza jambo lingine kabisa, nawawaza wenzangu. Fainali ya FA inahamahama mikoa. 2019 Lindi, 2020 Sumbawanga, 2021 Kigoma mwisho wa reli. Watu wanakumbuka magoli. Mi namfikiria yule mtunza vifaa wa timu ya Lipuli aliyetoa mabegi Iringa hadi Lindi, wakafungwa moja bila na Azam, halafu akayafungasha tena yale mabegi yamelowa jasho.

Kuanzia saa 12 mpaka saa 3 ni chai, kupiga brashi njumu, kukunja, kupanga kwa namba, hakuna cha kusimulia.

Saa 4 kikao cha kabla ya mechi. Hapa ndo siku ilipoharibikia.

Kwenye kikao kuna kamishna wa mechi, waamuzi, viongozi wa timu zote mbili, mtu wa polisi, daktari. Sampuli za jezi zinawekwa mezani. Sisi tuna seti mbili tu, ya bluu na nyeupe. Wenyeji watavaa rangi yao, sisi nyeupe juu, nyeupe chini, soksi bluu. Nikaona hapa nimemaliza. Kamishna akachukua soksi yetu na soksi yao akazilaza pamoja, akazitazama kama mtu anayenunua kitenge.

"Hizi zinagongana."

Nikamwambia mheshimiwa, jezi tofauti, bukta tofauti, ni soksi tu. Akanijibu kwa upole kabisa, upole ule unaouma, "Mzee, soksi ndo miguu yenyewe. Mpira ukitoka pale kwenye msongamano, mshika kibendera anaangalia nini? Mguu wa nani umegusa mwisho." Kilichoniudhi ni kwamba ana haki. Nimefanya hii kazi miaka mingi, nilitakiwa kuliona hilo kabla yake.

Soksi nyeupe ninazo, pea 12. Wachezaji 20. Tena hao vijana wa siku hizi wanakata soksi sehemu ya kukanyagia ili wavae vile visoksi vya kutoteleza, ukiwakemea wanacheka. Mwenzangu wa wenyeji, ana wasaidizi wawili na mashine ya kufulia, seti tatu zimo kwenye nailoni zake, akanivuta pembeni, "Ndugu yangu ningekuazima, ila zetu zote zina nembo ya klabu." Najua. Na mi nisingevaa.

Katibu akanipa elfu 40 na maneno mengi. Nikapanda boda mpaka Rangi Tatu, hapo hapo Mbagala, hebu fikiria, natafuta soksi za rangi moja Rangi Tatu. Duka la kwanza nyeupe zipo lakini zina mistari myeusi. La pili zina mistari myekundu. La tatu muuzaji anakula, subiri. La nne ndo nikakutana na bwana mmoja, Mungu amsamehe. Nimemwambia nyeupe tupu, ndefu, pea nane. Akatoa njano. Nikasema nyeupe. Akatoa nyeupe fupi za kifundoni. Akaniuliza za timu gani, nikafanya kosa la kumjibu, basi akaanza kunichambulia mechi, mtapigwa nne nyie, yule winga wao mtamuwezea wapi, kipa wenu ana urefu gani, na muda wote ameshikilia bunda la soksi mkononi halifungui. Nikamwambia kaka, mechi saa 10, sasa hivi inaenda saa 7. Akalifungua. Nyeupe tupu, mpaka magotini, nyembamba.

"Hizi za shule hizi. Mtoto wako yuko darasa la ngapi?"

Nikamwambia ninao wanane, wote wanakaa benchi. Hakucheka. Elfu tatu moja, nikampunguza mpaka elfu mbili na mia tano, nikatoa noti, akasema hana chenji, nitume kwa simu. Natuma, mtandao unazunguka. Natuma tena, unazunguka. Nimesimama pale juani na soksi za wanafunzi mkononi, simu inaita, katibu, sipokei. Meseji ilipoingia nilikuwa nimeshapiga mahesabu ya kumwachia noti zote nikimbie.

Foleni ya kurudi sitaki hata kuiongelea.

Getini mlinzi akanifungulisha begi. Akatoa chupa ya maji ya sabuni, akainusa, akanitazama. Nikamwambia mwanangu ni ya kufutia njumu, nikupanguse viatu uone? Akanipitisha ila aliita na mwenzake aje kuona.

Mechi yenyewe mnataka niwaambie nini, mi siangalii mechi. Naangalia miguu na migongo. Tulifunga kwanza, hilo nimeliona kwa sababu benchi lote lilinikanyaga. Wakasawazisha, halafu la pili, halafu la tatu. 3-1. Kwenye dakika ya 80 tukamwingiza dogo mmoja, mdogo kuliko wote kikosini, namba 17, na soksi zake za shule. Mwamuzi wa akiba akamzuia pale mstarini, soksi imeporomoka gadi ipo nje. Nikaruka na tepu nyeupe, maana tepu lazima ifanane na rangi ya soksi, ukifunga nyeusi unarudishwa tena, nikamzungushia miguu yote miwili nimepiga goti huku uwanja mzima unanisubiri. Kaingia, kagusa mpira mara nne. Soksi hazikushuka.

Filimbi ya mwisho ndo kazi yangu inapoanza kuwa mbaya, kwa sababu vijana wanataka kubadilishana jezi na mastaa. Jumatano tuna ligi. Namba zimesajiliwa. Nimezunguka uwanja mzima kama mwizi wa kuku, wewe vaa, wewe rudisha, nawe nani kakwambia utoe, mmoja nikamvalisha mwenyewe jezi kichwani mbele za watu. Mtu mzima na heshima zake anamnyang'anya staa jezi mkononi, staa anacheka, anadhani ni shabiki.

Usiku sijui saa ngapi, gesti, beseni mbili, mgongo haukunjuki. Nahesabu zikiwa mbichi. 19. Nahesabu tena. 19. Ya 17 haipo, na nilijua haipo kabla sijahesabu.

Akaja mwenyewe, amesimama mlangoni, ana kitu amekikunja vizuri kama kanzu ya Ijumaa. "Shikamoo mzee." Marahaba. "Samahani mzee. Naomba unifulie na hii." Nikamwambia utalipa, Jumatano unacheza na ipi? Akasema hajui. Akasema yule staa aliyempa hiyo jezi alimwambia unakaba vizuri, dogo. Mara nne kagusa mpira.

Nikaichukua. Kitambaa chepesi, hata maji hakinywi. Nimeifua peke yake maji ya mwisho, isije ikachuja ikaniharibia nyeupe zangu, nikaianika pembeni. Mlinzi wa gesti akapita na tochi, akaimulika, akauliza hii mnauza bei gani. Dogo kakaa juu ya ndoo niliyoigeuza, chini ya kamba, anamwambia haiuzwi.

Nimemwambia nenda kalale. Hajaondoka.