Siku moja ya mwalimu anayekaa dawati la nyuma

Kazini naitwa mwezeshaji wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Nipo shule ya msingi ya serikali upande wa Pongwe, jijini Tanga. Mtaani huniuliza, "Kwa hiyo wewe kazi yako kukagua wenzio?" Sikagui mtu. Naandika siku hii moja, Jumatano, ili wanaouliza waone ninachofanya.

Saa 11 alfajiri. Sala, chai, na kumalizia andalio la somo la Kiswahili darasa la sita, maana uwezeshaji haukunipunguzia kipindi hata kimoja. Saa 12 niko Makorora nasubiri daladala. Nasimama mpaka Pongwe.

Saa 1:15. Usafi, mstarini, matangazo, kipindi cha kwanza.

Saa 2:40. Naingia darasa la tatu, somo la Hisabati, na mwalimu wa somo ndiye aliyeniita. Siku hizi siingii darasa la mtu bila mwaliko, na mialiko ipo. Watoto ni tisini na ushee, dawati la watatu wamekaa wanne, nami najibana kando ya binti mmoja kule nyuma. Mada ni kutoa kwa kuchukua. Kijana anafundisha vizuri, lazima niseme: sauti inafika, ubao umepangika, mfano wa 52 toa 27 ameufanya hatua kwa hatua. Kisha akauliza, "Tumeelewana?" Darasa zima likaitika, "Ndiyooo, mwalimu!"

Binti wa kando yangu aliitika kwa nguvu kuliko wote. Zoezi lilipoandikwa, swali lilikuwa 63 toa 28. Akaandika 45. Nikamnong'oneza, "Hebu nieleze umefanyaje." Akanionyesha kwa kidole, bila wasiwasi wowote: "Nane toa tatu, tano. Sita toa mbili, nne." Kipindi kizima nilikuwa nimeangalia daftari lile na mengine ya jirani. Mwalimu mwenyewe nilimtazama kidogo sana. Hapo ndipo penye kazi yangu yote, na ndipo watu wanaponielewa vibaya.

Saa 4 mapumziko. Uji kwa watoto, chai na mihogo kwa walimu.

Saa 4:30 tukakaa na yule mwalimu chini ya mwarobaini, maana ofisi imejaa. Haya ndiyo mazungumzo yaliyonichosha siku nzima. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Dada, niambie tu nilipokosea, unisainie fomu, nikasahihishe." Nikamwambia sina alama za kumpa. "Sasa utamwandikia nini mwalimu mkuu?" Nikamweleza upya kwamba karatasi yetu inabaki kwetu, haiingii kwenye PEPMIS, ule mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, wala haipandi ofisini. Akatikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kuahidiwa hivyo mahali pengine akatendwa. Simlaumu. Walimu wengi wamezoea mgeni wa nyuma ya darasa anayeandika, anaondoka, kisha barua inakuja.

Nikamwekea mezani rundo la madaftari. "Tuyapange kwanza. Waliopata huku, waliokosa kule." Hajamaliza matano, mzazi akaja kuuliza uhamisho wa mwanawe. Tukarudi. Mtoto akaletwa goti linavuja damu, nikamwosha na kumfunga kitambaa. Tukarudi. Simu ikapigwa kutoka ofisi moja ya juu, wanataka takwimu za madawati kabla ya saa 6, takwimu walizokwisha kuletewa. Kila nilipoketi tena ilibidi tuanze kutafutana upya, na yeye kila mara alitazama mlango wa darasa lake. Nilitamani kumwambia jibu tu, yaishe. Nikajizuia. Jibu la kuambiwa linakaa wiki moja.

Mwishowe marundo yakapangika. La waliopata lilikuwa dogo. Akalitazama kwa muda mrefu. "Lakini wote waliitika, Dada." Nikanyamaza. Akafungua daftari moja, akafungua la pili, la tatu. "Hawa wote wametoa kidogo kwenye kikubwa. Hawaangalii kipi kiko juu." Kaliona mwenyewe. "Basi nitarudia somo." Nikamuuliza atarudia kwa njia ipi, maana wamekwisha kuusikia mfano ule ule. Tukafikia njiti: mafungu ya kumi kumi yaliyofungwa kwa mpira, na njiti za peke yake. Ukiwa na mafungu sita na njiti tatu, huwezi kutoa nane mpaka ufungue fungu moja. Na badala ya "Tumeelewana?", swali moja la mwisho ambalo kila mtoto analiandika.

Semina za hotelini tumehudhuria. Lakini watafiti wa elimu Bruce Joyce na Beverly Showers walilieleza jambo hili kule Marekani tangu miaka ya 1980: mafunzo peke yake mara nyingi hayafiki darasani, mpaka awepo wa kumfuata mwalimu akijaribu. Mimi nimeliona hapahapa Pongwe.

Mchana ukaenda hivyo hivyo. Kiswahili darasa la sita, jua kali, koo limekauka, kusahihisha. Chakula nilikula nimesimama.

Baada ya vipindi ikawa Jumuiya ya Ujifunzaji, kikao chetu walimu cha kujifunza pamoja. Zamani kikao hiki kilikuwa cha matangazo na michango ya misiba. Sasa kila mwalimu anakuja na madaftari matatu ya wanafunzi wake, na kinachozungumzwa ni kilichomo ndani. Kilichotubadilisha ni mwalimu mkuu, mama mtu mzima, alipotuita sote tukamwangalie yeye kwanza akifundisha, kisha akatandaza madaftari ya darasa lake mbele yetu, makosa na yote. Tangu siku hiyo milango ikaanza kufunguka.

Leo yule kijana ndiye aliyeomba kuanza. Akaonyesha lile 45. Mwalimu wa darasa la pili, ambaye tunamwamkia shikamoo sote, akavaa miwani, akalichunguza. "Hili linatoka kwangu, mwanangu. Kwangu wanahesabu mafungu, lakini hawajawahi kuyafungua. Njiti zangu zipo kabatini, kachukue." Wakabaki wanapanga wao wawili, mimi nikawa msikilizaji. Hiyo ndiyo saa ninayojivunia kuliko zote.

Nimefika nyumbani miguu imevimba. Kazi hii haina posho, na bado nina madaftari ya darasa la sita mezani.

Kesho kipindi cha pili narudi darasa la tatu. Tumekubaliana nikae dawati lile lile, na kama wengi bado wanatoa kidogo kwenye kikubwa, tutaligawa darasa: yeye upande wa madirisha, mimi upande wa mlango, kila mmoja na njiti zake.