Kalenda ya Kusini ndiyo iliyonipa kazi, si mtu wa Dar

Tangu majirani wa Ligula, hapa Mtwara mjini, walipoona gari lenye nembo ya mradi limeegeshwa mbele ya nyumba yetu, swali limekuwa hilo hilo: "Nani kakushika mkono ukapata kazi ya mradi?" Shemeji yangu ndiye kinara. Anaamini kabisa kwamba kuna mkubwa mahali fulani aliyepiga simu. Nimemweleza mara tatu, haniamini, kwa hiyo naandika na wengine msome.

Nilikuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika cha wakulima upande wa Tandahimba kwa miaka tisa. Nilipoacha, tulikaa watatu, mimi, mwenzangu mhasibu na kijana mmoja wa takwimu, tukaandikisha kampuni. BRELA, TIN, leseni, hayo kila mtu anayajua. Lengo letu lilikuwa kazi za miradi ya wafadhili: tafiti, tathmini, mafunzo kwa wakulima. Ofisi yetu ilikuwa sebule yangu na kiti kimoja kibovu, na anayechelewa ndiye anayekikalia.

Ushauri tuliopewa mwanzo ulikuwa wa hasara mtupu. Kuna kaka mmoja wa Dar es Salaam, simtaji, aliyeniambia kwamba kazi za Umoja wa Mataifa hupati mpaka "usajiliwe ndani", na kwamba yeye anajua njia. Akachukua laki tatu na nusu. Baada ya wiki mbili akanitumia namba ya usajili wa UNGM, lile soko la manunuzi la Umoja wa Mataifa, nami nikaichapisha na kuibandika ukutani. Miezi ikapita, simu haikuita. Baadaye ndipo nikagundua kwamba usajili ule ni bure. Bure kabisa, unaweza kuufanya kwa simu huku unasubiri wali uive. Na hata ukisajiliwa hakuna anayekuletea kazi mkononi. Tangazo unalitafuta mwenyewe na kulijibu mwenyewe.

Wa pili alikuwa mwalimu wa semina aliyetuambia siri ni bei: weka ya chini kuliko wote. Tukafanya hivyo kwenye kazi ndogo ya mradi wa mkopo wa nje. Tulijinyima hadi posho zetu wenyewe. Bahasha ya bei ikarudi haijafunguliwa! Sikuelewa mpaka nilipotulia nikasoma masharti vizuri. Kwa kazi za ushauri, pendekezo la kiufundi hupimwa kwanza, na ile yetu ilikuwa na mgao wa alama 80 kwa ubora na 20 kwa bei. Usipofikisha kiwango cha chini cha ufundi, bei yako hakuna anayeiangalia, hata ungesema unafanya kwa sadaka. Sisi tulikuwa tunauza ushauri kama karanga za kupima kwa kikombe. Halafu kwenye wasifu wangu nilikuwa nimejaza kurasa tisa, cheti cha huduma ya kwanza kikiwemo. Nani alikuuliza?

Lakini haya yote ni mchezo mbele ya bahasha ya Somanga.

Mwaka 2024 shirika moja la kimataifa lenye ofisi Dar lilitangaza kazi ambayo, niwaambie ukweli, ilikuwa yetu. Mtwara na Lindi, kaya za wakulima, Kiswahili. Tulikesha. Mwenzangu alipanga bajeti mara sita. Shirika lile lilikuwa bado linataka makaratasi: nakala halisi moja, nakala nyingine tatu, bahasha mbili ndani ya bahasha moja, muhuri kila mahali, mwisho Jumatatu saa 4:00 asubuhi. Pale steshenari umeme ulikatika mara mbili na mashine ikatafuna ukurasa wa saini. Nilinunua hadi lakiri, ile nta ya kufungia bahasha, nikaiyeyusha kwa mshumaa kama karani wa sultani.

Mwenzangu akasema, "Dada, tumtafute mtu anayesafiri na ndege ya Ijumaa ampelekee mdogo wangu." Nikakataa. Kwa nini tuhangaike kuomba watu wakati basi lipo na kondakta namfahamu? Akanikumbusha kwamba Mamlaka ya Hali ya Hewa inatangaza kimbunga, kinaitwa Hidaya. Nikamjibu, na sentensi hii wananitania nayo mpaka leo: "Kimbunga ni cha baharini, basi linapita nchi kavu."

Basi likaondoka na bahasha yangu kwenye droo ya mbele, kwa dereva. Mchana nikampigia kondakta.

"Mmefika wapi?"

"Somanga, dada. Hapa kuna mto."

"Mto gani? Si daraja lipo?"

"Dada, sikiliza. Barabara yenyewe ndiyo mto."

Mnakumbuka wenyewe. Mvua za Hidaya zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam, magari yakalala pande zote mbili. Nilimpigia kondakta yule mpaka akaanza kupokea kwa kusonya. Nikamwomba ampe bahasha mtu yeyote anayevuka kwa miguu. Akasema, "Dada, mimi mwenyewe sijavuka." Jumapili usiku akanipigia yeye, moyo ukanidunda nikidhani wamevuka. Kumbe alikuwa anauliza kama ndani ya bahasha kuna chakula, maana ni nzito na abiria wana njaa.

Jumatatu saa nne ilinikuta nimekaa kwenye kile kiti kibovu natazama saa ya ukutani. Bahasha ilifika Dar siku za mbele, ina duara la chai juu ya lakiri yangu. Mlinzi akaipokea vizuri sana na kuisainia. Ofisi ikairudisha kwa kuchelewa, na hawakukosea. Nikasema basi niwaandikie barua pepe ya kuomba busara, nikaikalia siku kadhaa nikiirembesha. Nilipotaka kuituma ilikuwa Mei 12, siku nyaya za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika na nchi nzima ikabaki inazungukwa na kile kiduara. Nikaanza kuhisi bahari ina jambo na mimi.

Ni katika hasira hizo ndipo ujanja ulipopatikana. Intaneti iliporudi nilikuwa sitaki hata kuona tangazo la zabuni. Usiku mmoja, kwenye tovuti ya benki moja kubwa ya maendeleo, nikafungua ukurasa ambao sikuwahi kuujali: matangazo ya mikataba iliyokwisha kutolewa. Benki ya Dunia wanayatoa, Benki ya Maendeleo ya Afrika nao wanayatoa. Umeandikwa mradi, umeandikwa aliyeshinda, umeandikwa mkataba ni wa kiasi gani. Mimi siku zote nilikuwa namkimbilia mwenye mradi, pamoja na kampuni mia nyingine zenye majengo ya vioo. Kumbe aliyeshinda naye ana shida. Ameshinda akiwa mbali, na sasa lazima afike Nanyamba, huku kwetu Mtwara.

Nikapata moja. Kampuni ya nje, imeshinda utafiti wa hali ya awali kwa mradi wa wakulima wa ufuta na korosho, wilaya nne za Lindi na Mtwara. Hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi yenyewe, zilikuwa bado zipo kwenye tangazo la zamani. Nikazisoma neno kwa neno, na kwenye ratiba nikakuta: kukusanya takwimu nyumbani kwa wakulima, Oktoba na Novemba.

Nilicheka peke yangu sebuleni. Oktoba! Msimu wa korosho, minada imeanza, mtu analala shambani au ghalani, mtoto yuko shambani, hata mbuzi kama ana akili yuko shambani anakula mabibo.

Sikuwaandikia barua ya kuomba kazi. Niliwachorea kalenda. Ukurasa mmoja, miezi kumi na miwili. Desemba mpaka Aprili, mvua, hizi barabara msizijaribu. Mei na Juni, ufuta unavunwa na kuuzwa. Likizo za shule, jando na unyago, kijiji kiko ngomani. Juni mpaka Agosti wanapulizia salfa kwenye mikorosho, lakini asubuhi tu; mchana mwenye nyumba yuko kibarazani. Oktoba kuendelea, msisumbuke. Nikaongeza Ramadhani na siku za magulio. Juu nikaandika mistari saba ya Kiingereza changu cha kuazima: mmepanga Oktoba, hamtakuta watu, njooni Agosti, sisi tuko hapa, hii ni namba yangu.

Walijibu baada ya siku mbili. Wiki iliyofuata tukaongea kwa video, mimi nimevaa blauzi ya harusini juu na kitenge cha nyumbani chini. Hawakuuliza cheti hata kimoja. Waliuliza habari za Agosti.

Tukasaini kama wakandarasi wadogo chini yao. Malipo yalikuwa kwa kila dodoso lililokamilika, na kiasi cha usimamizi juu yake. Hapa niliumia kidogo kwa kusahau siku za barua. Mkataba ulihesabu siku za kuuliza maswali tu, lakini kabla ya swali la kwanza kuna barua ya mkoa, inashuka kwa mkurugenzi wa halmashauri, kwa mtendaji wa kata, kwa mtendaji wa kijiji. Siku tisa tulikuwa tunatembeza barua huku nalipa gharama ya kukodi gari. Sasa hivi siku za barua naziandika kwenye bajeti mstari wa kwanza kabisa.

Makarani tuliwapata kirahisi: vijana waliofanya sensa ya 2022. Kishikwambi wanakijua, kugonga hodi wanakujua, na Kimakonde, Kimakua na Kimwera wamezaliwa nacho. Gari tulikodi moja tu, la kuonekana. Kazi ilifanywa na bodaboda wa vijiji husika, kila karani na wake kwa siku nzima, maana bodaboda anajua nyumba ya nani ni ipi na nani kahamia shamba.

Dodoso lenyewe lilikuja limetafsiriwa huko huko kwao. Siku ya majaribio, karibu na Nanyamba, karani anamsomea bibi mmoja: "Katika miezi kumi na miwili iliyopita, kaya yako imepata mshtuko gani?" Bibi akafikiri sana. "Mshtuko upo," akasema. "Juzi usiku paka kaangusha sufuria, nimeshtuka mpaka leo." Karani, kijana mtiifu, akaliandika. Usiku ule tulikaa tukapitia maswali yote, mshtuko ukawa hasara au janga, na mengine mengi yakanyooka. Niliwaandikia wakubwa wale kuwaeleza, nikaambatanisha ankara ya siku mbili za kusahihisha lugha. Walilipa bila kuguna.

Kijiji kingine mzee mmoja alitutazama, akatuuliza mara hii tunachora kwa kitu gani. Akasema enzi za RIPS, ule mradi wa maendeleo wa Wafini, watu wa Finland, walichora ramani za kijiji chini kwa mawe na mahindi mpaka wakachoka. Marehemu baba alikuwa fundi wa pampu za maji za Nira zilizoletwa na Wafini hao hao, kwa hiyo nilimwelewa. Watu wa huku wameulizwa maswali tangu kabla sijazaliwa. Tulikaa naye saa nzima bila dodoso, ndipo akajibu yote.

Malipo? Awamu tatu: ripoti ya mwanzo, takwimu, na ripoti ya mwisho. Ya pili ilichelewa zaidi ya miezi miwili, nikakopa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na kwa dada yangu kulipa makarani, kama milioni mbili na kitu hivi. Kampuni ya ndani ya nchi inapokulipa ujue kodi ya zuio, asilimia 5, inabaki TRA. Dai cheti chake, usikione karatasi tu. Hawa wa nje, benki za njiani zilimega kidogo kidogo bila kuaga.

Na si lazima mtu awe mshauri mwelekezi kama mimi, ingawa neno lenyewe linapendeza kwenye kadi. Barabara ya Mnivata, Tandahimba, Newala mpaka Masasi, kilomita 160, ni fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mkandarasi anakula, analala, anafuliwa. Kuna dada Newala amepangisha nyumba yake kwa wahandisi na anawapikia pia. Sijawahi kumwona akiyeyusha lakiri. Na zabuni za halmashauri zote ziko NeST, mfumo wa mtandaoni wa manunuzi ya serikali, tangu ule wa zamani, TANePS, ulipofungwa 2023, na makundi maalumu, ya wanawake na vijana yakiwemo, yametengewa asilimia 30. Shemeji, hii ya NeST ni yako, acha kuniuliza habari za mkubwa.

Kampuni ile wameniomba niwe mbia kamili kwenye zabuni nyingine, Ruangwa na Nachingwea. Mwisho ni Jumatatu saa nane mchana, inatumwa kwa mtandao, hakuna bahasha wala basi. Hata hivyo asubuhi hii nimefungua kwanza utabiri wa hali ya hewa, na mwenzangu ananitazama tu.