Unamuuguza mgonjwa wa homa ya ini? Chanjo yako haimo kwenye jokofu la watoto

Ndugu akishaambiwa ana homa ya ini B, wanaomuuguza nyumbani hupewa neno moja tu: "Na nyie mkachanje." Wapi, mara ngapi, kwa shilingi ngapi, hawaambiwi. Kesho yake dada mtu anamwacha mgonjwa na jirani, anawahi zahanati saa moja asubuhi, anakaa foleni moja na kina mama wenye vichanga, na saa nne anapofika mezani anaambiwa chanjo zilizopo ni za watoto. Anarudi nyumbani amefura, akiamini kwamba kuna watu wanafichiwa dawa.

Hajafichwa. Kwenye jokofu lile mna penta, yaani chanjo tano katika sindano moja: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B na Hib (bakteria wa nimonia na uti wa mgongo kwa watoto). Mtoto huchomwa nusu mililita akiwa na wiki 6, 10 na 14. Mtu mzima anahitaji chanjo ya homa ya ini B peke yake, kwa kawaida mililita 1, na hiyo haiji kwenye mgao wa kliniki ya watoto. Penta mbili hazifanyi chanjo moja ya mtu mzima, hata muuguzi awe na huruma kiasi gani. Tanzania ilianza kuwapa watoto kinga hii mwaka 2002, kwa hiyo wengi wa waliozaliwa kabla ya hapo hawajawahi kuchanjwa, na ndio hao hao leo wanaouguza wazazi wao.

Kwa hiyo usianze na foleni. Anza na simu, au mtume kijana wa bodaboda akaulize: je, mna chanjo ya homa ya ini B ya watu wazima, siku gani, na kipimo kinafanyika hapo hapo? Mara nyingi jibu litakuwa hospitali ya wilaya au ya mkoa, na mara nyingi utalipia. Uliza pia kama bei uliyotajiwa ni ya dozi moja au ya zote tatu, na kama kipimo kimo ndani yake. Ugomvi mwingi dirishani unaanzia hapo.

Kipimo kwanza. Tone la damu kwenye kipimo cha haraka, majibu baada ya robo saa au dakika ishirini. Kikionyesha tayari una virusi, chanjo haitakudhuru ila haitakusaidia. Hapo safari yako ni kwa daktari, siyo kwenye chumba cha sindano. Wengi hukasirika kwamba wamelipia kipimo "bila faida". Faida ndiyo hiyo.

Kero kubwa zaidi ni hii: "Mama, hatufungui kichupa kwa ajili ya mtu mmoja, subiri mfike kumi." Vichupa vingine vya chanjo hii vina dozi 10, na hofu ya kumwaga inaeleweka. Chanjo ya surua au BCG (ya kifua kikuu) ikishachanganywa na maji yake haivuki saa 6, na mkono wa muuguzi umezoea sheria hiyo. Lakini homa ya ini B huja ikiwa ya maji tayari. Kwa mwongozo wa WHO, kichupa chake kilichofunguliwa kinaweza kutumika hadi siku 28 iwapo aina hiyo imeidhinishwa kwa matumizi hayo, kimekaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, tarehe haijapita na alama ya joto kwenye kibandiko haijabadilika vibaya. Kwa maoni yangu hapa mwananchi ana haki ya kuuliza, kwa adabu, mbele ya msimamizi wa chanjo wa kituo. Akikataa, njia ya mkato ni kwenda na watu: mke, watoto wakubwa, shemeji, dada wa kazi. Ukoo ukijikusanya, kichupa kinafunguliwa siku hiyo hiyo. Gawaneni zamu tu, mgonjwa asibaki peke yake.

Vaa nguo yenye mkono mpana. Sindano hii huchomwa begani. Ikipigwa kwenye tako inaishia kwenye mafuta na kinga hujengeka hafifu. Kabla hujatoka, hakikisha kadi ina tarehe na namba ya toleo la chanjo. Karatasi ya daftari yenye sahihi tu itakutesa kituo kingine.

Huku mkisubiri zamu, kula naye sahani moja, kumkumbatia na kumbadilishia shuka lisilo na damu hakuambukizi. Mbali na kujamiiana, kinachoambukiza nyumbani ni damu: wembe, mswaki, mkasi wa kucha, kidonda kisichofunikwa. Kirusi hiki huishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, kwa hiyo damu iliyokauka si salama. Vaa glavu, mwagia jiki ya asilimia 3.5, sehemu 1 kwa sehemu 6 za maji, acha dakika 10, ndipo ufute. Ukijichoma na sindano yake, usingoje siku ya kliniki. Nenda hospitali ndani ya saa 24.

Dozi ya pili ni baada ya mwezi mmoja, ya tatu mwezi wa sita tangu ile ya kwanza. Ya tatu ndiyo inayopotea: mgonjwa amepata nafuu au amefariki, nauli imeisha, ama umeenda ukakuta chanjo hakuna. Ukichelewa, hata mwaka, huanzi upya, unaendelea ulipoishia. Wapo watakaokuambia uanze moja na kulipa tena. Waonyeshe kadi.