Wabebaji wa Dar es Salaam na Bahasha ya Picha 38

Mama aliyenituma safari hii hajui kuwa alinituma. Ilikuwa Machi, kwenye soko la samaki la Feri, saa moja asubuhi, naye alikuwa ametua ndoo ya vibua ili apumzishe shingo. Nilikuwa nimeshampiga picha nne. Akaifungua kata yake ya kitenge, akaikunja upya, kisha akaniuliza bila hasira yoyote: "Mwanangu, mnatupiga kila siku. Picha zenyewe huwa zinakwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Swali hilo nikarudi nalo Morogoro, likakaa nami miezi minne.

Mradi wangu naouita Wabebaji ni wa picha za mnato na video, juu ya watu wa Dar es Salaam wanaoishi kwa kubeba: wachukuzi wa ndoo Feri, makuli wa marobota Kariakoo, wasukuma mikokoteni, wauza magazeti ambao duka lao lote liko mkononi. Angalia picha za jiji lile, watu hawa wamo karibu kila moja, ila wamo pembeni, au wamegeuza mgongo, au wamekatwa kichwa ili gorofa lionekane. Mimi nilitaka wasimame katikati. Baada ya lile swali nikaona kumbe nimefanya nusu ya kazi. Nikangoja msimu wa harusi unilipe, nikasafisha picha 38 za saizi ya posta kadi kwenye karatasi isiyong'aa, nikaandika nyuma ya kila moja tarehe na mahali, nikazitia kwenye bahasha ya kaki. Jumatano moja ya Julai nikapanda treni.

Treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria Juni 2024, safari ya Morogoro hadi Dar iligeuka kuwa ya chini ya saa mbili. Wengi huizungumzia kwa ajili ya muda. Mimi huipenda kwa ajili ya dirisha. Kioo chake kinarudisha sura za abiria, kwa hiyo nilizungushia lenzi kitenge cheusi na kuibana kwenye kioo, mwangwi wa mwanga ukafa. Kisha nikapunguza kasi ya shata, kile kilango cha kamera kinachofunguka kuingiza mwanga, hadi 1/30 ya sekunde. Treni ikikimbia karibu kilometa 160 kwa saa, vichaka vya kando ya reli vinavutika kuwa mistari mirefu ya kijani, huku Uluguru kule nyuma ikibaki imetulia kama imechorwa. Nilirekodi vipande vitatu kabla ya Ngerengere. Ndani ya behewa lile nikaamua namna ya kupiga kazi nzima ya wiki: kitu kimoja kisimame, vingine vyote vipite.

Nilifikia kwa shangazi, Magomeni. Alfajiri ya Alhamisi nikapanda mwendokasi hadi Kivukoni, na saa kumi na moja na nusu nilikuwa Feri, giza bado. Mwezi wa Julai jua la Dar huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu hivi. Mpiga picha anayetoka nchi za mbali hudanganyika hapa, akidhani ana saa nzima ya mwanga laini. Hana. Kwetu huku karibu na ikweta jua halitembei ubavu wa upeo, linapanda moja kwa moja. Muda si mrefu vivuli vimeshakuwa vikali, uso wa mtu mweusi aliyebeba ndoo kichwani umegawanyika vipande viwili, nusu ya juu giza tupu. Kwa hiyo kila kitu unakipanga usiku: betri, kadi, wapi utasimama.

Jambo la kwanza nililofanya ni kwenda kwenye uongozi wa soko, nikasalimia wazee, shikamoo zikapokelewa, nikaeleza kazi na kuonyesha bahasha. Soko lipo jirani na Ikulu, na kamera haielekezwi upande huo. Hilo nalijua, lakini ni heshima kulisema wewe kabla hujaambiwa.

Siku hiyo soko lilikuwa limepoa. Ilikuwa mbalamwezi. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, na mwezi ukijaa samaki hawaifuati taa, basi boti nyingi hubaki nchi kavu. Niliogopa kwamba nimekuja bure. Kumbe kupoa kule kulinisaidia, kwa sababu watu walikuwa na nafasi ya kutazama. Mchuuzi mmoja alichukua bahasha mkononi mwangu, akapanda juu ya kreti, akaanza kunadi kama anavyonadi changu na kolekole mnadani: "Nani wa huyu? Shati jekundu, ndoo mbili, anacheka!" Watu wakapokezana picha, wakaambiana, wakaitana hadi kwa wakaanga samaki. Saa mbili ilipofika picha 11 zilikuwa zimepata wenyewe.

Kila aliyepokea nilimwomba asimame mbele ya kamera sekunde 20, ameshika picha yake kifuani, asiseme kitu. Kamera iko kwenye stendi, haisogei. Muziki hakuna. Sauti ni ya soko lenyewe: magamba yakiparwa, mafuta yakilia, wanadi, ndege. Sekunde 20 ni nyingi sana kwa mtu kusimama kimya. Mwanzoni wanacheka, halafu wanarekebisha nguo, halafu karibu sekunde ya 12 kuna utulivu unaoingia usoni, na ndicho ninachokitafuta. Hakuna aliyewahi kuufikia kwa kuambiwa "tulia".

Mama wa swali lile alikuja Ijumaa. Hakuiangalia picha kwanza, aliigeuza nyuma. Akasoma nilichoandika, akasema, "Umeandika Feri, umeandika Machi. Jina langu mbona hukuandika?" Akanitajia majina yake matatu, nikayaandika pale pale juu ya meza ya kupara samaki. Kisha akaangalia sura yake kwa muda mrefu. Nilipomwomba asimame kwa video, aliirudisha kwanza ndoo kichwani. "Bila ndoo watajuaje kama ni mimi?" Hiyo video ndiyo inayofungua kazi yangu, na jioni ile nilipitia bahasha nzima kuona ni picha ngapi nyingine hazina majina. Zote.

Mchana wa Ijumaa ileile nilikuwa Posta, kwenye Sanamu ya Askari. Nina sababu ya kuiweka ndani ya mradi huu. Sanamu ile ya shaba, iliyosimamishwa mwaka 1927, watu huiangalia bunduki na singe yake, wakapita. Ukisogea ukasoma maandishi yaliyo kwenye msingi wake, kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, utakuta hayawakumbuki askari peke yao. Yanawakumbuka pia wapagazi wa ile Vita Kuu ya kwanza, na kuwaita miguu na mikono ya jeshi. Kariakoo nayo imepata jina kutoka kwa jeshi hilohilo la wapagazi, ambalo Waingereza waliliita Carrier Corps. Basi mtu anayetoka Posta kwenda Kariakoo anatembea kati ya kumbukumbu mbili za wabebaji. Nchi yetu ilipoteza watu wengi sana kwenye kubeba kule, kwa njaa na maradhi kuliko risasi, na wengi wao hawana hata picha moja.

Karibu na sanamu nilikuwa nimempiga muuza magazeti mwezi Machi, na leo niliomba turudie kwa namna nyingine. Nilifunga mbele ya lenzi kichujio cheusi kinachopunguza mwanga mara 1,000. Picha ambayo ingechukua 1/60 ya sekunde, kwa kichujio hicho inataka sekunde 16 hivi. Nikamwambia, "Kaka, ukitikisika unapotea." Akasimama na magazeti yake, jiji zima likampitia: bajaji, daladala, watu wa maofisini wakirudi kutoka chakula cha mchana. Jaribio la kwanza alimgeukia mteja, akawa moshi. La nne lilikubali. Kwenye picha hiyo barabara ni kama mto wa ukungu, na vinavyoonekana kwa ukali ni viwili tu, yule askari wa shaba na kijana wa magazeti. Nimeipenda kuliko picha yoyote niliyowahi kupiga, na nimemwahidi yake itakuwa kubwa, si posta kadi.

Alikuwepo pale kijana mwingine, naye mpiga picha, akaniuliza kwa nini sitafuti kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga nirushe droni. Dar ya kutoka juu ni nzuri kweli: Daraja la Tanzanite lililofunguliwa 2022, bahari, magorofa. Sijawahi kuikataa. Lakini kutoka juu kule mtu mwenye robota la kilo 80 begani ni nukta, na nukta haina majina matatu.

Kariakoo nilikwenda Jumamosi, na huko kulikuwa na deni la kiufundi. Makuli wana stoo moja ya chini wanakopumzikia, yenye taa za mirija. Video zote nilizorekodi humo mwezi Machi zilikuwa na mikanda myeusi ikipanda taratibu juu ya sura zao. Nililipa somo hilo kwa kurudia kazi, nanyi mnaoanza mlichukue bure: umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, taa za namna hiyo hupwita mara 100, na mimi niliiacha shata kwenye 1/60, ambayo haigawanyiki na mpwito huo. Ukiweka 1/50 au 1/100, mikanda inakwisha. Safari hii nilirekodi kwa fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50, sura zikatoka safi.

Pale nilimkuta mzee ambaye amebeba mizigo tangu jengo la soko lililobuniwa na msanifu majengo Beda Amuli likiwa jipya, yaani miaka ya sabini, kabla hata ya kuungua kwake 2021. Alinieleza jinsi vile vikombe vikubwa vya zege juu ya paa vilivyotengenezwa vikusanye maji ya mvua, akivichora hewani kwa viganja. Viganja vile nilivirekodi dakika nzima, sikuthubutu kukata. Picha 11 zikapata wenyewe Kariakoo. Tano hazikupata: mmoja amerudi kwao Mtwara, wawili hakuna aliyewatambua, wengine wawili walikuwa safarini na mzigo.

Jumapili nilirudi Feri kwa ajili ya picha moja iliyokuwa ikinisumbua, ya mzee mchukuzi aliyesimama ndani ya maji hadi magotini, ndoo begani, jua likimtokea nyuma. Niliambiwa hayupo. Amefuata dago, kambi ya wavuvi wanaohama, yuko Kilwa Kivinje mpaka upepo wa kusi utulie. Nilikuwa naanza kuirudisha kwenye bahasha pale dereva wa gari la barafu aliponyoosha mkono. Gari lake hupeleka barafu kule na kurudi na samaki. "Lete, namfahamu." Tukaizungushia nailoni mbili, nikaongeza namba yangu ya simu nyuma, naye akaichomeka juu ya usukani pamoja na karatasi zake za gari.

Jumatatu nilipanda treni na picha saba kwenye bahasha, na daftari lenye majina.

Wiki tatu baadaye, nikiwa nahariri usiku, simu ilileta ujumbe wa sauti kutoka namba nisiyoijua. Upepo ulikuwa mkali, na nyuma yake mtu alikuwa akihesabu ndoo. "Kijana, picha imefika. Imelowa pembe moja tu. Lakini mkono wangu wa kushoto umeukata, hauonekani. Nitarudi Feri mwezi wa kumi. Njoo unipige tena, uweke mikono yote."