Nilivyofika Ujerumani kusomea uuguzi bila kupitia kwa dalali

"Shule gani hiyo inayomlipa mwanafunzi?" Mama aliniuliza hivyo nilipompigia simu Tanga kumwambia nimepata mkataba. Hakuwa anatania. Mtaani kwetu watu wameshauza viwanja kwa ahadi ya kazi Ulaya, na waliopokea pesa hawajaonekana tena.

Ukweli ni kwamba hata mimi sikuanzia huko. Mwaka 2023 nilikuwa nauza kwenye duka la dawa Kariakoo, na nilichotaka ni chuo kikuu. Nikaulizia Ujerumani kwa kuwa niliambiwa vyuo vingi vya serikali havina ada. Kumbe kuna sharti jingine: mwanafunzi wa kigeni aonyeshe ana pesa za kujikimu mwaka mzima, na njia ya kawaida ni kuziweka kwenye akaunti maalumu inayomtolea kidogo kidogo kila mwezi. Wakati ule ilikuwa euro 11,208, karibu shilingi milioni 30. Nikacheka, nikafunga kompyuta.

Ni mteja mmoja dukani aliyenitajia Ausbildung. Ni mafunzo ya kazi. Kwa uuguzi ni miaka 3, saa 2,100 darasani na saa 2,500 kwa wagonjwa. Anayekupa mkataba ni hospitali au nyumba ya wazee, na mshahara unaanza mwezi wa kwanza. Posho hiyo ikitosha maisha, ile akaunti haidaiwi.

Kabla sijatulia nikamwendea dalali. Alitaka milioni 4, nusu papo hapo, akanihakikishia kwamba lugha nitajifunzia hukohuko. Hilo ndilo lililonishtua. Kila tangazo la hospitali nililokuwa nimelisoma lilidai Kijerumani cha ngazi ya B1 au B2, yaani cha kati, tena kwa cheti. Nikaaga kwa heshima, pesa zile nikazielekeza kwenye ada ya Kijerumani, Goethe-Institut pale Upanga.

Mwaka mmoja na nusu ukaishia hapo. Kazi mchana, darasa jioni, daladala ya mwisho kurudi Mbagala huku nikitafuna vitenzi. Mtihani wa B2 una sehemu nne: kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza, na kila moja unatakiwa upate 60 kati ya 100. Kuandika nikapata 54. Kosa langu lilikuwa la kijinga: ndani ya dakika 75 unaandika maandishi mawili, mimi nikaremba la kwanza hadi la pili likabaki na mistari minne. Nililia siku mbili, halafu nikagundua kwamba unaruhusiwa kurudia sehemu uliyoanguka peke yake. Kwa miezi miwili nikawa naandika barua moja kila usiku, saa ikiwa mezani. Safari ya pili nikapata 71.

Maombi niliyatuma mwenyewe, moja kwa moja hospitalini, 43 kwa jumla. Nyingi hazikujibiwa. Nilichokuja kuelewa ni kwamba hospitali kubwa za mijini zina waombaji tele; zile za miji midogo ndizo zilizonijibu. Niliyoipata iko Baden-Württemberg, jimbo la kusini-magharibi, katika mji ambao hata wenzangu wa darasani hawakuwahi kuusikia. Kilichonichelewesha baada ya hapo ni vyeti vyangu vya sekondari: vitafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa, kisha ofisi ya elimu ya jimbo ilinganishe na vya kwao. Usisubiri mkataba ndipo uanze hilo. Hospitali ililipa euro 411 za utaratibu wa haraka, unaoubana ubalozi ukupe miadi ndani ya wiki tatu. Pale ubalozini, Umoja House, nikalipa euro 75 za viza, na mhudumu akaniuliza kwa Kijerumani kwa nini uuguzi. Nikamweleza habari za bibi yangu na vidonda vya kisukari. Sikuwa nimelikariri jibu hilo.

Nilianza Septemba 2025. Kwenye karatasi nalipwa euro 1,415 na ushee. Wakishakata bima na pensheni, mkononi nabaki na kama 1,100. Chumba cha bweni ni 340. Naishi, natuma kidogo nyumbani, siweki akiba ya kujisifia.

Saa ndizo zilizonitesa kuliko baridi. Wajerumani wanaposema "halb zwei", yaani nusu ya mbili, wanamaanisha nusu saa *kabla* ya mbili yao, saa saba na nusu kwetu. Mimi nikahesabu nusu saa baada, nikaongeza sita kupata saa ya Kiswahili kama tulivyozoea, nikatokea wodini saa nane na nusu nikiwa nimetulia kabisa. Zamu ilikuwa imeanza saa nzima nyuma. Mkuu wa wodi hakufoka. Alinyoosha kidole kwenye saa ya ukutani tu, na ningependelea angefoka. Tena nilikuwa bado katika miezi 6 ya majaribio.

Kwa wazee, kinyume chake, mambo yaliniendea vizuri tangu mwanzo. Lafudhi yao ya Kiswabia, Kijerumani cha huku, haifundishwi Upanga, lakini kuna neno la heshima la kumwita mtu mzima, na wenzangu wengine wa kigeni walilisahau kila mara. Aliyelelewa kwa shikamoo hahitaji kukumbushwa. Bibi mmoja wa miaka 91 alikataa kuogeshwa na mtu mwingine wiki nzima.

Jumatatu nahamia kwenye huduma ya majumbani. Huko kila mtu anaendesha gari, na leseni ya Tanzania hapa hutumika miezi 6 tu tangu uanze kuishi, yangu imeshapita. Mwezi huu nitapanda na mwenzangu. Nimeshanunua pia baiskeli ya mtumba, euro 80, kabla sijauona mlima wenyewe.